Je, wajua kwa nini droni iliyokarabatiwa nyumbani huanguka mara ya pili?

Mwanza ni mji mgumu kwa droni: kuna majabali ya kugonga, mabati ya kuangukia na ziwa la kuzamia. Ikianguka, mwenyewe hushika bisibisi, akabadili panga la propela lililovunjika, akapaka supaglu kwenye mkono wa droni ulioachia, na ikiwaka tu anairusha. Inapaa vizuri. Muda si mrefu iko chini tena, na safari hii inaweza kuwaangukia watu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Panga lilikuwa ni lile tu lililoonekana. Ajali huumiza pia vitu ambavyo macho hayavifikii.

Anza na betri, maana hiyo ndiyo inayoweza kuunguza nyumba. Betri nyingi za droni ni za lithiamu polima. Ndani yake kuna karatasi nyembamba za metali zilizotenganishwa na utando wa plastiki, vyote vikiwa kwenye mfuko laini. Ikigonga jiwe, utando unaweza kuchanika huku mfuko ukibaki safi kabisa. Pande mbili zikigusana, betri inapiga shoti kwa ndani, joto linazaa joto jingine, na moto unaweza kulipuka baada ya dakika chache au saa kadhaa, wewe umeshalala. Kwa hiyo itoe kwenye droni mara moja, iweke nje juu ya mchanga, mbali na ukuta na chochote kinachoshika moto, iangaliwe kwa saa 24. Usiichaji kabla ya hapo. Kisha pima kwa mita ya umeme seli moja moja, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri nzima. Betri zenye saketi ndani huonyesha volti hizo kwenye programu ya simu. Seli iliyojaa huwa na volti 4.2. Iliyoshuka chini ya 3.0, au iliyopishana na wenzake kwa zaidi ya 0.1 hata baada ya kupumzika, imekwisha. Iliyovimba haina haja ya kupimwa. Usiitoboe kutoa hewa, na usiiingize tena ndani.

Droni iliyozama ina tatizo lake. Watu hujipa moyo kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Lakini yana madini ya kutosha kupitisha umeme, na umeme ukipita majini hula shaba ya saketi. Kinachoua droni nyingi ni ile haraka ya kuiwasha “kuona kama bado inafanya kazi”. Chomoa betri, na hiyo betri usiitumie tena. Fungua ganda, suuza bodi kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua taratibu kwa mswaki laini, acha ikauke siku mbili au tatu. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi tope wala madini yaliyobaki chini ya chipu.

Sasa matengenezo yenyewe. Skrubu za mota zina urefu wake: ikizidi milimita moja au mbili inaweza kugusa koili za shaba, na mota inaungua hewani. Fremu ya kaboni hupitisha umeme, hivyo waya uliochubuka ukiigusa ni shoti. Ukishachomelea droni ya kujiundia yenye betri ya seli 3, usiunge betri moja kwa moja. Pitisha waya mmoja wa betri kwenye balbu ya indiketa ya gari, volti 12, wati 21. Balbu ikimeta kidogo na kuzima, endelea. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna shoti, na balbu imeokoa bodi yako. Mapanga yawe yametolewa muda wote huo.

Panga lenye ufa halina dawa ya gundi, tupa. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo panga huku huzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, na ufa huo huvutwa zaidi.

Rekebisha dira ya droni mbali na mabati na magari. Irushe mita moja tu juu ya nyasi kwa dakika mbili, itue, zima, kisha gusa kila mota. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, huenda ekseli imepinda au beringi imeumia. Utepe wa nyaya wa kamera mwachie fundi.

Na ukiamua kuituma Dar, usiweke betri iliyogongwa kwenye kifurushi. Kwenye ndege hairuhusiwi, na kwenye buti ya basi inakaa chini ya abiria usiku kucha.