Siku ya dawa ya minyoo si siku ya masomo iliyopotea

Kuna wazazi wanaomzuia mtoto nyumbani siku ya dawa ya minyoo shuleni. Hoja yao ni kwamba hajalalamika tumbo, na vipindi vitapotea bure. Wanakosea. Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya kwenye utumbo. Mtoto hupungukiwa damu, husinzia darasani, kisha huanza kukosa shule, na huku nyumbani anaitwa mvivu. Inauma sana.

Huko Busia, magharibi mwa Kenya, jambo hili lilipimwa kuanzia 1998 katika shule 75 za msingi: baadhi zilipewa dawa mapema, nyingine zikasubiri zamu. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha matokeo mwaka 2004, utoro katika shule zilizopewa dawa ulikuwa umepungua kwa takriban robo. Hata wanafunzi wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walinufaika, maana mayai ya minyoo udongoni yalipungua. Kwa hiyo ukimficha mwanao, unamgusa na wa jirani.

Tusitie chumvi lakini: alama za mitihani hazikupanda. Dawa humrudisha mtoto kwenye dawati; kumfundisha ni kazi nyingine.

Tembe ya albendazole, dawa ya minyoo ya tumbo, hutafunwa mbele ya mwalimu, dakika chache tu. Ile ya kichocho, praziquantel, huweza kuleta kizunguzungu au kichefuchefu, hasa kwa mtoto mwenye njaa. Mpe uji kabla hajatoka.