Je, wajua kwa nini Godzilla, dubwana la filamu ya Kijapani ya 1954, anaonekana mzito kiasi kile?

Godzilla anapokanyaga mitaa ya Ginza jijini Tokyo, kuta zinaporomoka taratibu na mkia unapita kwa uzito wa meli inayogeuza bandarini. Mtoto anayetazama hana shaka kwamba dubwana hilo lina kimo cha mita 50. Ndani yake alikuwemo mtu, Haruo Nakajima, akipokezana na Katsumi Tezuka, katika vazi la mpira lenye urefu wa kama mita 2.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba kamera iliendeshwa polepole. Ni kinyume chake kabisa. Projekta huonyesha fremu, yaani picha moja moja za filamu, 24 kila sekunde, na hapo hapabadiliki. Kamera nayo ikipiga fremu 24 kwa sekunde, utaona mwendo wa kawaida. Ipunguze hadi 12, na tukio la sekunde 2 litakuwa na fremu 24 tu, ambazo projekta inazimaliza kwa sekunde 1: watu watakimbia kama waliochomwa na siafu. Iongeze hadi 72, na tukio la sekunde 1 litachukua sekunde 3 ukumbini. Kwa hiyo ili dubwana liende polepole, kamera lazima ikimbie.

Wengine hudhani ni mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo, fremu baada ya fremu, kama sokwe wa filamu ya King Kong ya 1933. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia mbinu za picha, aliipenda sana filamu hiyo. Lakini njia ile hula muda mwingi mno, na filamu ya Godzilla, ya studio ya Toho, ilitakiwa kufika kwenye majumba ya sinema Novemba 3, 1954.

Sasa, kamera ikimbie kiasi gani? Chukua nazi inayodondoka kutoka mnazi wa mita 20. Inafika chini kwa sekunde 2 hivi. Kikombe kikidondoka kutoka meza ya sentimita 80, kinafika kwa sekunde 0.4. Meza ni fupi kuliko mnazi mara 25, lakini muda umepungua mara 5 tu, kwa sababu muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Jicho letu limezoea hesabu hiyo bila kufundishwa: kitu kikianguka upesi, tunajua kilikuwa karibu na ardhi. Majengo mengi ya mfano ya Tokyo yalijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Ukuta wake ukianguka kwa mwendo wa kikombe, siri imetoka. Ukitaka uanguke kama nazi, urefushe muda mara 5, yaani fremu 120 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ni ya vitu vinavyoanguka. Hatua za dubwana la mita 50 hakuna aliyewahi kuzipima, kwa hiyo kwenye kutembea huamua jicho la mpigapicha.

Gharama yake ni mwanga. Kwa fremu 120, kila fremu hupata moja ya tano ya mwanga wa kawaida, hivyo taa ziwe na nguvu mara 5. Tena tundu la lenzi libanwe, ili jengo la mbele na la nyuma yote yawe makali. Ukungu kidogo tu mbele au nyuma, na mtaa mzima unageuka kitu cha kuchezea. Kubana huko kunadai taa zaidi. Joto lote hilo lilimwangukia mtu aliyefunikwa mpira. Vazi la kwanza lilikuwa na kilo 100 hivi na lilikuwa gumu kupindika, ikabidi litengenezwe jingine.

Kamera nayo huwekwa chini. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Gawanya kwa 25, unapata sentimita 6.4. Lenzi ikipanda hadi kiunoni mwa vazi, unalitazama dubwana kutoka ghorofani na ukuu wake unapungua.

Kinachogoma ni maji. Ukuta unaweza kuujenga mdogo, tone huwezi. Tone la milimita 5 kwenye tangi la studio, likihesabiwa kwa kipimo kile, lina upana wa sentimita 12.5, sawa na balungi. Tazama tena Godzilla akiwa baharini, uangalie rasharasha zinazomzunguka.