Afyuni ya Mwili na Maana ya Arosto

Mtu aliyezoea heroini akiikosa kwa saa 8 hadi 24 huanza kupiga miayo, kamasi humtiririka, vinyweleo humsimama, tumbo humsokota na jasho humtoka hata penye baridi. Mitaani hali hiyo huitwa arosto. Wengi hudhani kwamba ni mwili unaolilia unga tu, lakini ukweli ni kwamba mwili huo pia umeacha kutosheka na afyuni unayoitengeneza wenyewe.

Mwili una afyuni yake. Mwaka 1973 watafiti walionyesha kuwa seli za ubongo zina vipokezi, yaani sehemu maalumu ambapo mofini, dawa ya afyuni ambayo heroini hutengenezwa kutokana nayo, hunasa, na hapo likazuka swali: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kufuli linalofunguliwa na utomvu wa ua la afyuni? Jibu lilipatikana Aberdeen, Scotland, mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipozitambua enkefalini mbili, yaani afyuni za mwili wenyewe, katika ubongo wa nguruwe, kila moja ikiwa mnyororo wa asidi za amino 5 tu. Zilifuata endofini, ambazo jina lao lina maana ya mofini ya ndani, na dinofini.

Enkefalini hutolewa kidogo kidogo ili kupunguza maumivu, kisha vimeng'enya huzivunja upesi sana. Heroini haina kiasi hicho. Huingia kwa wingi na athari yake hudumu kwa saa kadhaa, nazo seli zikilemewa siku baada ya siku hujirekebisha: vipokezi hupunguza usikivu wao, na seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili, ambazo heroini huzipooza, huongeza nguvu zake za ndani ili ziendelee kufanya kazi. Ni kama mtu anayeusukuma mlango uliozuiwa kwa ndani. Anayezuia akiondoka ghafla, msukumaji huanguka kifudifudi. Dawa inapokatika, noradrenalini hufurika, na humo ndimo yanamotoka jasho, mapigo ya moyo ya kasi na vinyweleo kusimama.

Je, afyuni ya mwili haiwezi kuziba pengo hilo? Ipo, ila ni chache, haikai, na vipokezi vimekuwa vizito wa kusikia. Katika majaribio ya maabara, panya waliozoeshwa mofini walipopewa dawa ya kuzuia enkefalini zisivunjwe, dalili zao za kukosa mofini zilipungua. Kwa hiyo msaada wa ndani si wa kupuuzwa, ingawa hautoshi. Wala si afyuni yote ya mwili iliyo rafiki. Dinofini hunasa zaidi kwenye kipokezi kingine, kiitwacho kapa, na huleta huzuni na kutojisikia vizuri, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mtu huweza kubaki na majonzi hata baada ya tumbo na jasho kutulia.

Methadoni, dawa ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu mwaka 2011, hukalia vipokezi vilevile vya heroini, lakini hupanda taratibu na hukaa mwilini kwa muda mrefu. Dozi moja ya kunywa kwa siku huizuia arosto, na seli hazipandishwi na kushushwa mara kadhaa kati ya asubuhi na usiku.