Hawakusoma ili kujisahaulisha

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wangu wa uzamili: "Mwalimu, kwani wale mabinti wa viwanda vya China si walisoma ili kusahau uchovu tu?" Hapana. Swali hili limenichosha kulijibu kwa upole.

Tuanze na jina lao, dagongmei. Dagong ni kumfanyia bosi kazi ya ujira. Mei ni mdogo wa kike. Mwanamke wa mjini aliyeajiriwa kiwanda cha serikali enzi za Mao aliitwa gongren, mfanyakazi, neno lenye hadhi. Binti wa kijijini aliyekwenda Shenzhen baada ya eneo maalumu la kiuchumi kuanzishwa mwaka 1980 aliitwa dagongmei. Hukou yake, yaani usajili wake rasmi wa makazi, ikabaki kijijini, hivyo mjini akawa mgeni hata akikaa miaka kumi.

Jina hilo ndilo walilolibishania wakisoma. Mwaka 1993 Xie Lihua alianzisha Beijing jarida la wanawake wa vijijini, Nongjianü Baishitong, na mwaka 1996 ikazaliwa Nyumba ya Dagongmei, klabu ya mabinti hao. Jarida lilichapa barua za wasomaji, na hapa naomba tusipite mbio. Anayesoma barua ya mwenzake anakuta shida yake mwenyewe imeandikwa na mtu anayeitwa jina lile lile. Leo anasoma, kesho anaandika, keshokutwa anajibiwa. Bwenini nakala moja inapita mikono mingi: je, huyu alikosea kumwacha mchumba wa kijijini? Arudi kwao au abaki? Ubishi huo ndio usomaji wenyewe. Mtu anajijua kuwa nani pale anapolazimika kumjibu jirani wa kitanda cha juu.

Ndiyo maana jinsi simulizi ya Fan Yusu inavyosimuliwa inaniudhi. Alikuwa mlezi wa watoto, mzaliwa wa mkoa wa Hubei. Aprili 2017 insha yake kuhusu maisha yake ilisambaa China nzima mtandaoni, watu wakashangilia kipaji kilichochomoza gizani. Giza gani? Alipenda vitabu tangu utotoni, na alihudhuria kikundi cha fasihi cha wafanyakazi kule Picun, pembezoni mwa Beijing, kilichoanza mwaka 2014. Tunamtaka shujaa mmoja, kwa hiyo wenzake waliokaa naye chumba kile hatuwaoni.

Lakini nami nina shaka yangu. Barua zile zilichaguliwa na wahariri, wanawake wasomi wa mjini waliotamani binti wa kijijini ajiendeleze, apandishe suzhi yake, yaani ubora wake kama mtu. Sauti ninayoiita ya dagongmei huenda nusu yake ni ya mhariri. Kwa miaka kadhaa nilifundisha kana kwamba tatizo hilo halipo, na nilikosea. Tena wako waliosomewa tu na wenzao, wakacheka, wakapinga, wasiandike hata mstari mmoja.

Tasnifu yako, mwanangu, ianze na hao.