Parachichi na Afya: Maswali na Majibu

Parachichi lina mafuta mengi. Kwa nini linasifiwa kuwa zuri kwa moyo?

Ni kweli kwamba lina mafuta: katika kila gramu 100 za nyama yake, takribani gramu 15 ni mafuta, na nishati yake hufikia kilokalori 160. Hata hivyo, karibu gramu 10 kati ya hizo ni mafuta yasiyoganda, ya jamii ile ile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni, ilhali mafuta yanayoganda, ambayo yamejaa katika siagi, samli na nyama nono na ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu, ni kama gramu 2 tu.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 110,000 kwa miaka ipatayo 30. Waliokula angalau parachichi moja kwa wiki, yaani nusu mara mbili, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 21 wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kuliko wasiolila kabisa au waliolila kwa nadra. Kwa kiharusi, tofauti ya maana haikuonekana. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba parachichi peke yake ndilo lililowakinga, kwa kuwa wanaolipenda huenda wana mazoea mengine mema, lakini ulionyesha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: nafuu ilionekana pale parachichi liliposhika nafasi ya siagi, jibini au nyama za kusindikwa. Anayelipaka kwenye mkate badala ya siagi amebadilisha kitu. Anayeliweka pembeni ya sahani ya chipsi na soseji ameongeza mafuta juu ya mafuta.

Je, linapunguza kitambi?

Hapana. Katika jaribio jingine la Marekani, watu wapatao 1,000 wenye viuno vipana waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likala parachichi zima kila siku kwa miezi sita. Mafuta ya tumboni hayakupungua kuliko ya wenzao, wala uzito wao haukuongezeka. Lehemu mbaya ilishuka kidogo tu.

Kuna faida gani kulichanganya na kachumbari au mboga za majani?

Hapa wapishi wetu wamekuwa sahihi siku zote. Karoti, nyanya na mchicha vina viini vya rangi, na baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini viini hivyo huyeyuka katika mafuta, si katika maji, na kachumbari isiyo na mafuta yoyote hupita tumboni huku sehemu kubwa yake ikipotea. Vipande vichache vya parachichi huupa utumbo mafuta unayoyahitaji ili kuvifyonza, na majaribio yameonyesha kwamba kiasi kinachoingia katika damu huongezeka mara kadhaa. Vitamini E na K hufyonzwa kwa njia hiyo hiyo.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kulila?

Anaweza, kwa sababu sukari yake haifikii hata gramu 1 katika gramu 100, na nyuzinyuzi zake, zipatazo gramu 7, husaidia chakula kusagwa polepole na choo kuwa laini. Tatizo ni juisi: parachichi likishasagwa na maziwa na vijiko vitatu vya sukari, sifa hiyo inakuwa imeondoka. Kiasi nacho kiangaliwe, maana parachichi la aina ya Hass huwa na nyama ya gramu 130 hadi 150 hivi, lakini yale makubwa ya kienyeji huweza kuwa na mara mbili ya hapo au zaidi, na nusu yake inatosha mlo mmoja.

Nani anapaswa kuwa mwangalifu?

Parachichi lina potasiamu nyingi, kama miligramu 485 katika gramu 100. Kwa mwenye figo nzima hilo ni jema, kwani madini hayo husaidia kudhibiti shinikizo la damu. Kwa mwenye figo zilizoshindwa, potasiamu hurundikana katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo aulize kwanza kliniki anakotibiwa. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda asianze ghafla kulila kwa wingi bila kumweleza daktari wake. Wenye mzio wa mpira wa asili, kama wa glovu, wengine hudhurika na parachichi pia.

Kokwa likikaushwa na kusagwa ni dawa?

Unga huo huuzwa kwa madai ya kutibu presha, kisukari na mengineyo, lakini hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa binadamu, na anayeacha vidonge vyake kwa ajili yake anajihatarisha. Ndani ya kokwa, ganda na majani mna kemikali iitwayo persini, ambayo imeua mbuzi, sungura na ndege wa kufugwa. Matawi yanayopogolewa shambani yasitupwe zizini.