Mti wa gobore: kazi huanzia ndani

Bunduki ndefu za Pennsylvania, yale magobore yaliyotengenezwa karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Ujerumani katika sehemu kama Lancaster, huwa na mti, yaani ile sehemu ya mbao inayobeba bunduki, mmoja mzima kuanzia kitakoni hadi karibu na mdomo wa mtutu. Hapa ninauzungumzia mti huo tu. Mtutu na mtambo wa gumegume, ule unaowasha baruti kwa cheche za jiwe, huchukuliwa vikiwa tayari, na mtutu uwe umeshapimwa nguvu na wataalamu wake. Hata mafundi wa zamani hawakujitengenezea kila kitu: wengi walitumia mitambo iliyoletwa kutoka Uingereza na Ujerumani.

Mbao yao ilikuwa mepo (maple), hasa ile ambayo nyuzi zake zina mawimbi. Chukua ubao wenye unene wa inchi 2.5 hivi, uliokauka kwelikweli. Mbao inayokaushwa kwa hewa tu huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukichonga mbao mbichi mfereji unaolaza mtutu utajipinda baada ya kazi kuisha. Kabla hujasifu mawimbi, tazama shingo, yaani pale kiganja kinaposhika. Nyuzi za mbao zipite shingoni kwa urefu wake. Zikikata mshazari, bunduki itavunjika hapo siku ikianguka, hata ungeichonga kwa ustadi gani. Ubao mzuri wenye shingo mbaya mimi huukataa bila kujadili.

Mtutu ndio unaotangulia, kwa sababu vipimo vingine vyote hutoka kwake. Mtutu wa pande 8 huzama hadi katikati ya bapa zake mbili za pembeni. Mitutu mingi ya aina hii ni minene nyuma, hupungua taratibu, kisha hutanuka tena kidogo inapokaribia mdomo, kwa hiyo mfereji hauchimbwi kwa mistari miwili sambamba. Chora ukiuegemeza mtutu wenyewe, chimba kwa patasi ukibaki ndani ya mstari, halafu paka mtutu masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Uweke, ugonge kidogo kwa nyundo ya mbao, uinue. Palipogusa patakuwa peusi. Kwarua doa lenyewe tu, unyoya mwembamba wa mbao, kisha rudia. Mwanzoni utaona madoa matatu manne makubwa kwenye kingo; kazi ikikaribia kuisha madoa huwa mengi, madogo, yametapakaa kama chembe za pilipili manga. Mkono wenye haraka hukwarua pembeni mwa doa, mtutu ukazama upande mmoja na upenyo ukabaki upande wa pili. Upenyo huo hauzibiki.

Mwisho wa nyuma wa mtutu ukae kifua kwa kifua na mbao, maana hapo ndipo kishindo hupokelewa. Ila ule mkia wa chuma unaotoka kwenye kizibo cha nyuma uachiwe nafasi ndogo mwishoni, ya unene wa karatasi ngumu. Mkia ukigusa mbao kabla ya mtutu, utakuwa kabari, na shingo itapasuka kwa mstari mmoja ulionyooka nyuma yake.

Tundu la mdeki, yaani kijiti cha kushindilia baruti na risasi mtutuni, ndilo linaloharibu miti mingi. Mdeki wa inchi 3/8 huanza kwenye mfereji wa wazi chini ya mtutu, kisha huingia kwenye tundu lililofichika ndani ya mbao. Kati ya tundu hilo na mfereji wa mtutu pabaki ukuta wa milimita 3 hivi. Kekee ndefu ya kutobolea hufuata nyuzi za mbao, na kwenye mepo ya mawimbi nyuzi hupanda na kushuka. Ikipanda, itatokea ndani ya mfereji wa mtutu. Ikishuka, tumbo la bunduki litabaki nene na zito. Ifunge imara ndani ya mfereji wa wazi, sukuma kidogo, itoe na kuisafisha kila inchi moja, na pima kwa kijiti kilichonyooka. Kumbuka pia kwamba skrubu ya mbele ya mtambo hupita hapo kati ya mtutu na mdeki, kwa hiyo ukuta ukiwa mwembamba mno, mdeki utakwama kwenye skrubu.

Mtutu hushikwa na pini nyembamba zinazopita kwenye masikio, vile vipande vidogo vya chuma vilivyo chini yake. Matundu ya masikio yarefushwe kidogo kwa tupa, mbele na nyuma, maana mbao hucheza na unyevu na chuma hakichezi nao.

Mtambo huwekwa baada ya mtutu, kibakuli chake cha baruti kikilingana na tundu la kuwashia lililo ubavuni mwa mtutu. Zamisha kwanza sahani, yaani bamba linalobeba vipande vya mtambo, ikiwa tupu, mpaka ilale bapa kwenye ubavu wa mtutu bila mwanga kupita. Kisha rudisha kamani (springi) na vipande vingine, kimoja kimoja, ukichimba nafasi ya kila kimoja peke yake. Kuchimba shimo moja kubwa ni rahisi, lakini hula mbao karibu kabisa na shingo.

Umbo la nje linataka ujasiri. Kosa la kawaida ni kuacha mbao nyingi kuzunguka mtambo na kandokando ya mtutu; bunduki za asili ni nyembamba kuliko mtu anavyodhani, na kingo za mbao pembeni mwa mtutu hubaki milimita 2 au 3. Mwishoni tumia chuma cha kukwarulia. Randa hung'oa vipande kwenye mawimbi, na msasa huviringisha kingo zinazotakiwa kuwa kali.

Lowesha mti kwa maji ili vinyweleo visimame, acha ukauke, vikate, rudia mara 2 au 3. Rangi ya kale ni tindikali ya nitriki iliyoyeyusha chuma. Nunua iliyokwisha kuandaliwa, maana mvuke wake wakati wa kuitengeneza ni sumu. Pakaza, acha ikauke, kisha pitisha joto karibu bila kuunguza. Rangi ya kijanikijani itageuka kahawia nyekundu mbele ya macho yako, na mawimbi yatajitokeza. Tindikali iliyobaki iuawe kwa maji yenye magadi ya kuokea, la sivyo itaendelea kula chini ya mafuta na kutia kutu kwenye chuma.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hupakwa kidogo sana, kwa kiganja, kila tabaka likauke kabla ya jingine. Matambara yenye mafuta hayo usiyakunje wala kuyarundika: hujipasha joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje mpaka yakakamae, au yatumbukize kwenye debe la maji.