Propaganda ya chuki kwenye filamu za Manazi ilikuwa inafanyaje kazi?

Kuna filamu ya Kijerumani ya 1940 inaitwa Jud Süß, kaiongoza Veit Harlan, na humo ndani kuna sekunde chache tu ukizielewa umeshaelewa dhana nzima. Süß, Myahudi ambaye ndo mhusika mkuu, yuko mtaa waliotengewa Wayahudi kule Frankfurt, ana ndevu zake na kanzu, halafu sura inayeyuka taratibu hapo hapo kwenye skrini inatokea nyingine, kanyoa, kapendeza, yuko kwenye gari la farasi anaenda Stuttgart. Hakuna aliyesema neno ila mtazamaji keshalishwa: huyo jirani yako mnayefanana naye anaweza kuwa ndo yeye, kajificha tu.

Hapo ndo ilipo propaganda ya chuki dhidi ya Wayahudi kwa mtindo wa sinema, yaani unaletewa drama ya kawaida kabisa, mapenzi, mavazi, muziki, unamuonea huruma binti wa watu, na adui keshachaguliwa kabla hujakata tiketi. Süß anambaka Dorothea, binti anajitupa mtoni, ukumbi mzima unataka anyongwe. Na Süß Oppenheimer kweli aliishi, alikuwa anamsimamia fedha mtawala wa Württemberg, eneo la Ujerumani ya leo, akanyongwa 1738 kwa kesi ya uonevu mtupu, huyo Dorothea na mengine watengeneza filamu wakatunga wenyewe.

Goebbels, waziri wa propaganda, alikuwa anajua mtu akishtuka kwamba anahubiriwa siasa basi umemkosa, ndo maana filamu nyingi za kipindi chake zilikuwa vichekesho na mapenzi. Mwaka huo huo wa 1940 ikatoka Der ewige Jude, ya Fritz Hippler, inajiita dokumentari, inachanganya picha za Wayahudi wa Poland na za panya wanaokimbia ovyo, wazi kabisa bila aibu. Watu hawakuifuata sana, wakati Jud Süß inakadiriwa ilitazamwa na watu milioni 20 hivi, na Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Manazi chenye silaha, akaamuru maaskari wa SS na polisi waione, na hao ndo waliokuwa wanakamata watu na kuwaua.

Ila uwanja ulishafagiliwa mapema, na hili watu wanalisahau. Tangu 1933 bila uanachama wa chemba ya filamu ya serikali hupati kazi, na Wayahudi hawapokelewi, waigizaji na waandishi kibao wakakimbia nchi. 1936 Goebbels akapiga marufuku hata uhakiki, gazeti linaruhusiwa kuelezea filamu tu, kuiponda hapana, kwa hiyo nani angesema hii ni sumu?

Baada ya vita Harlan alishtakiwa, akajitetea kwamba Goebbels alimlazimisha, akaachiwa huru. Filamu yenyewe mpaka leo Ujerumani haionyeshwi hivi hivi, lazima atangulie mtu wa kuielezea na baadaye pawe na mjadala.